Kukimbia au kujifungia ndani, vidonge au sabuni: ulinganisho wa cha kufanya likitokea shambulio la mionzi

Tangu vita ya Ukraine ianze mwaka 2022 hii mada haijapoa kwenye magrupu ya familia, hasa kwa sisi wenye ndugu Marekani na Ulaya. Machi mwaka ule ule vidonge vya ayodini vya kujikinga na mionzi viliisha madukani huko, watu wakawa wanauziana mtandaoni kwa bei za ajabu, na kila mtu anauliza swali moja, ninunue au nisinunue. Swali halali kabisa, ila kwa maoni yangu ni la nne au la tano kwa umuhimu. Kuna machaguo mengine yanakuja kabla ya hilo, hayana gharama, na ndo yanayoamua nani anapona. Nimeyaweka hapa mawili mawili mtu uone tofauti na uamue mapema na watu wako, kwa sababu siku yenyewe hamna muda wa kubishana.

Bomu chafu au bomu la nyuklia

Watu wengi wanayachanganya haya mawili wakati ni vitu tofauti kabisa. Bomu chafu ni baruti ya kawaida iliyochanganywa na kitu chenye mionzi, labda siziamu au kobalti iliyoibwa hospitali au kiwandani. Ikilipuka inatawanya vumbi lenye mionzi kwenye mitaa michache ya jirani. Kinachoua hapo kwa kiasi kikubwa ni mlipuko wenyewe na vipande vinavyoruka, mionzi yake mara nyingi haifiki kiwango cha kumuangusha mtu siku hiyo hiyo, lakini inachafua eneo, inatia hofu, na kusafisha kwake kunakula miezi mpaka miaka.

La nyuklia ni habari nyingine. Wataalamu wa Marekani wanaopanga namna ya kukabiliana nalo huwa wanapigia hesabu bomu la kilotoni 10, yaani nguvu ya tani 10,000 za baruti ya TNT, dogo kidogo kuliko lile la Hiroshima lililokuwa kama 15. Hilo likilipuka chini mjini, majengo mengi ndani ya kama kilomita 0.8 yanaanguka au hayafai tena, uharibifu mkubwa unafika kama kilomita 1.6, na vioo vinapasuka mpaka kilomita 5 na kuzidi. Halafu ndo linakuja vumbi la mionzi, linapanda juu na wingu, upepo unalibeba, linashuka, na eneo lake la hatari linaweza kunyooka kilomita 16 mpaka 32 kufuata upepo.

Lipi lina uwezekano zaidi? Bomu chafu, bila ubishi, maana vitu vyake vinapatikana kirahisi zaidi. Mwaka 1995 wapiganaji wa Chechnya walifukia kifurushi cha siziamu kwenye bustani ya Izmailovsky kule Moscow halafu wakawaambia waandishi wa habari wakakitafute. Hakikulipuliwa, ilikuwa salamu tu, lakini ilionyesha kwamba inawezekana. Bomu la nyuklia mikononi mwa magaidi halijawahi kulipuka popote, na tuombe liendelee hivyo.

Uzuri ni kwamba hauhitaji kujua ni lipi ndo uanze kujiokoa. Dakika kumi za mwanzo zinafanana kwa yote mawili, ingia ndani ya jengo.

Dirishani au chini sakafuni

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 7 Agosti 1998 pale Nairobi washambuliaji walianza kwa kurusha guruneti nje ya ubalozi wa Marekani baada ya mlinzi kukataa kufungua geti. Watu wa maofisini kwenye majengo ya jirani wakasikia mshindo, wakafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya, wakaenda madirishani kuangalia kuna nini. Sekunde chache baadaye lori likalipuka. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, na kati ya maelfu waliojeruhiwa Nairobi wapo wengi walioumia macho kwa vioo, wengine wakapofuka moja kwa moja, na wapo mpaka leo.

Miaka 15 baadaye, Februari 2013, kimondo kikapasuka juu ya mji wa Chelyabinsk kule Urusi. Mwanga mkali, watu wakakimbilia dirishani kutazama, halafu ndo wimbi la mgandamizo likafika likavunja vioo. Kama watu 1,500 walienda kutibiwa, wengi wao ni vioo tu.

Bomu la nyuklia linafanya hivyo hivyo kwa ukali zaidi, mwanga unatangulia, kishindo kinafuata baada ya sekunde kadhaa kutegemea uko umbali gani. Kwa hiyo ukiona mwanga usio wa kawaida, usiutazame, lala chini kifudifudi, uso ufunikwe na mikono, nyuma ya ukuta au chini ya meza imara, na ukae hapo mpaka kishindo kipite. Ukisikia mlipuko wowote mkubwa mjini, hata wa gesi, kaa mbali na kioo. Wafundisheni watoto hili. Mtoto ndo wa kwanza kukimbilia dirishani.

Kukimbia au kujifungia ndani

Hili ndo swali lenyewe. Mwili wote unakwambia kimbia, ingia kwenye gari, toka mjini. Tatizo ni kwamba kila mtu anawaza hivyo hivyo, barabara zinafunga dakika ya tano, na wewe unakutwa na vumbi ukiwa ndani ya gari, na gari halikingi chochote cha maana, bati lake jembamba na vioo pande zote.

Kwa bomu la nyuklia, ukiwa nje ya eneo lililobomoka, una kama dakika 10 mpaka 15 kabla vumbi halijaanza kushuka. Zinatosha kuingia kwenye jengo zuri, hazitoshi kutoka mjini. Na lile vumbi kali likishuka karibu mara nyingi unaliona kabisa, kama mchanga au majivu.

Sasa sababu ya kubaki ndani ni hesabu moja rahisi ambayo natamani ingefundishwa shule. Mionzi ya vumbi la bomu la nyuklia inashuka haraka sana, kila muda ukizidisha mara saba, ukali wake unagawanyika kwa kumi. Yaani kama saa moja baada ya mlipuko ukali ni 1,000, baada ya masaa 7 umebaki 100, baada ya siku mbili hivi ni 10, baada ya wiki mbili ni 1. Mtu aliyekaa ndani siku nzima ya kwanza amekwepa sehemu kubwa kabisa ya sumu, aliyetoka lisaa la pili kwenda kutafuta ndugu yake ameingia pale inapochemka. Ndo maana maelekezo ni kubaki ndani masaa 24 kwa uchache, mpaka mamlaka zikwambie toka na upite njia gani.

Bomu chafu je? Nako unabaki ndani, ila sababu sio hiyo, na hapa ndo watu wanakosea wakichukua ushauri wa moja kupeleka kwa nyingine. Siziamu-137 inapungua nusu kwa miaka 30, kobalti-60 kwa miaka mitano na kitu, kwa hiyo kusubiri siku moja hakuipunguzi chochote. Unabaki ndani ili vumbi litulie, usilivute puani, na wapimaji wajue limeangukia wapi. Baadaye mnaweza kuhamishwa kwa utaratibu, na mkaambiwa msirudi mpaka pasafishwe. Hapo kuhama ni sawa, kwa sababu wapimaji wameshajua njia ipi ni safi.

Kuhama kwenyewe kuna gharama ambayo watu hawaihesabu. Kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, wagonjwa na wazee waliokuwa hospitalini na kwenye nyumba za kulea wazee walipakiwa kwenye mabasi kwa haraka, masaa mengi njiani bila dawa wala maji ya kutosha, na zaidi ya 50 walikufa wakati wa kuhamishwa au muda mfupi baadaye. Vifo vilivyotokana na msukosuko wa kuhama na maisha ya ukimbizini mkoani Fukushima vimepita 2,000. Kama unaishi na bibi anayetumia oksijeni au mzee wa kisukari wa sindano, kukimbilia barabarani ndo chaguo baya kuliko yote.

Kuna hali chache tu za kutoka, jengo linawaka moto, linataka kuanguka, au mlipuko umetokea humo humo ndani. Hapo toka, funika pua na mdomo kwa kitambaa, ingia jengo lingine la karibu lililo zima.

Jengo lipi

Sio kila "ndani" ni ndani. Nyumba ya mbao ya kawaida ya Marekani, ile ya ghorofa moja isiyo na besimenti, inapunguza mionzi mpaka nusu au theluthi ya ilivyo nje, basi. Ukishuka kwenye besimenti ya nyumba hiyo hiyo unapata kama sehemu moja ya kumi. Ukiwa katikati ya jengo kubwa la zege la maofisi au apatimenti ndefu, ni sehemu moja ya mia au chini ya hapo. Tofauti ni kubwa mno, kwa hiyo kama uko kwenye nyumba ya mbao na kuna jengo la zege la kutembea dakika tano, nenda, alimradi vumbi halijaanza kushuka. Likishaanza, baki ulipo kwanza, sogea sehemu ya katikati kabisa ya nyumba, kwenye korido au choo kisicho na dirisha, maana lisaa la kwanza ndo kali kupita yote.

Kwenye ghorofa usikae juu kabisa kwa sababu vumbi linatua kwenye paa, na usikae ground floor karibu na ukuta wa nje kwa sababu linatua ardhini pia. Katikati kwa juu na chini, katikati kwa pembeni. Kitu kingine kinachosahaulika, kama floo yako inalingana na paa la jengo la jirani, panda au shuka, maana lile paa ni kama ardhi nyingine iliyojaa vumbi dirishani kwako.

Kwa nyumba zetu za huku, bati halikingi, kuta za bloku ndo zinazosaidia, na umbali kutoka kwenye paa. Kama kuna nyumba ya zege yenye ghorofa mtaani, hata ya jirani usiyeongea naye, hapo ndo pa kwenda.

Zima feni zinazovuta hewa ya nje na AC, funga madirisha. Sio lazima uzibe kila tundu kwa plasta mpaka mkose hewa.

Kumfuata mtoto shule au kumuacha

Najua hili linauma na sitalipamba. Jibu ni kumuacha. Shule nyingi ni majengo makubwa ya tofali au zege, mara nyingi bora kuliko nyumba yako, na walimu wanaambiwa wawaweke watoto ndani. Ukitoka kumfuata unapita kwenye vumbi, unafika nalo kwenye nguo, unamtoa kwenye kinga, mnarudi wote wawili kwenye vumbi. Mzazi aliyebaki ofisini na mtoto aliyebaki darasani, kesho yake wote wazima, hiyo ndo picha ya kushika. Kinachosaidia ni kuongea mapema, uliza shule wana mpango gani, mtoto ajue kabisa kwamba mama au baba hatakuja siku hiyo na sio kwamba amesahauliwa, na muwe na ndugu mmoja wa mji mwingine ambaye wote mtamtumia meseji. Meseji inapita hata wakati simu za kuongea zimejaa.

Vidonge au sabuni

Haya, tumefika kwenye vidonge. Potasiamu ayodaidi inafanya kazi moja tu, inajaza tezi ya shingoni ayodini safi ili ile ya mionzi ikija ikute nafasi imejaa. Kwa ajali ya kinu cha nyuklia ni dawa muhimu sana, hasa kwa watoto na wajawazito. Baada ya kinu cha Chernobyl kule Ukraine kulipuka mwaka 1986 Poland iliwapa ayodini watoto zaidi ya milioni 10, wakati maelfu ya watoto wa Ukraine, Belarus na Urusi waliokunywa maziwa yenye ayodini ya mionzi baadaye walipata saratani ya tezi.

Lakini bomu chafu mara nyingi halina ayodini ya mionzi, lina siziamu au kobalti, na kidonge hicho hakigusi hata kimoja. Kwa bomu la nyuklia ayodini ipo kwenye vumbi, ila hatari kubwa ya siku za mwanzo ni mionzi inayokupiga kutoka nje, na hiyo inazuiwa na ukuta, kidonge hakiwezi. Kwa hiyo ukiwa na pesa ya kimoja na unaishi karibu na kinu, nunua, vizuri zaidi chukua vile vinavyogawiwa na mamlaka. Kama hauishi karibu na kinu, hela hiyo ina kazi nyingine. Usimeze kabla ya kuambiwa, dozi ya mtu mzima ni miligramu 130, ya miaka 3 mpaka 18 ni 65, wadogo zaidi wanapungua hapo, na mwenye ugonjwa wa tezi aongee na daktari kwanza. Na tafadhali, chumvi ya madini joto sio mbadala hata ukila kilo, China mwaka 2011 baada ya ajali ya Fukushima watu waligombania chumvi madukani bure tu. Ile ayodini ya kupaka kidonda nayo ni sumu ukiinywa.

Siziamu ina dawa yake, inaitwa bluu ya Prusia, inaishika siziamu tumboni itoke na choo, muda wa mwili kuitoa nusu unashuka kutoka siku 110 hivi mpaka kama 30. Hii sio ya kununua ukaweka kabatini, inatolewa na daktari baada ya kupimwa. Ilitumika Goiânia, Brazil, na kisa cha pale kila mtu angepaswa kukijua. Septemba 1987 watu wa skrepa walichukua mashine kwenye kliniki iliyotelekezwa, wakaivunja, ndani mna unga unaong'aa bluu gizani, wakaugawa kwa ndugu na marafiki kama kitu kizuri, watu wakajipaka. Hakukuwa na gaidi wala bomu, lakini kuchafuka kulikuwa kule kule kwa bomu chafu. Watu kama 112,000 walipimwa uwanja wa mpira, 249 wakakutwa wamechafuka, wanne wakafa, mmoja ni mtoto wa miaka sita.

Wengi wa wale waliochafuka kwa nje tu walisaidiwa na kitu gani? Kuvua nguo na kuoga. Kuvua nguo za juu peke yake kunaweza kuondoa mpaka asilimia 90 ya uchafu wa mionzi ulio juu ya mwili. Hakuna kidonge duniani chenye nguvu hiyo, na sabuni ya mche iko kila nyumba.

Fanya hivi. Vua viatu mlangoni. Shati au gauni usilivute kupitia kichwani, fungua vifungo au likate kwa mkasi, likunje upande wa nje uingie ndani taratibu ili vumbi lisipepee. Kwa wanaovaa mtandio au ushungi, hata kama ni safi kwa macho, nao unatoka, jifunike mwingine uliokuwa kabatini. Vyote kwenye mfuko wa plastiki, funga, weka mbali na watu. Halafu oga maji ya vuguvugu na sabuni nyingi, bila kusugua kwa dodoki wala kukwaruza, maana ngozi ikichubuka inapitisha. Kidonda kifunike kwanza. Nywele osha kwa shampuu au sabuni, usiweke kondishena, inagandisha vumbi kwenye nywele. Mwenye rasta au mabutu asifumue kwa haraka, apitishe povu na maji mengi. Penga kamasi, futa kope na masikio kwa kitambaa chenye maji. Kama maji hamna, kitambaa kilicholowa au waipu zile za watoto, futa uso, mikono na sehemu zote zilizokuwa wazi.

Kipima mionzi au redio

Kwa bei ya kipima mionzi cha mtandaoni unanunua redio ya betri, tochi, pawabenki, maji ya siku tatu na vyakula vya kopo, na chenji inabaki. Vile vipima vya bei rahisi vingi vinachanganyikiwa kwenye mionzi mikali, na hata kikisoma vizuri utaifanyia nini namba hiyo bila kujua upepo unaelekea wapi? Redio inakwambia. Chukua redio. Vyakula vilivyokuwa ndani vimefungwa ni salama, maji ya chupa au ya ndoo yenye mfuniko ni salama, ya bomba yanafaa kuogea.

Kumsaidia majeruhi au kumkwepa

Hapa hofu inaua watu. Mtu anavuja damu, ana vumbi, wengine wanamkimbia wakidhani mionzi inaambukiza kama kipindupindu. Haiambukizi hivyo. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje hana cha kukupa, aliyechafuka vumbi ana vumbi tu, ukivaa glavu, ukafunika pua, ukamvua nguo ya juu, umeshaondoa sehemu kubwa. Zuia damu kwanza, mengine baadaye, na hata hospitali wanafuata mpangilio huo huo, uhai kabla ya kuosha. Baada ya Goiânia watu wa mji ule walikataliwa hoteli na safari, na mazishi ya marehemu yakapingwa na umati uliogopa makaburi yao. Familia zilizofiwa zikabeba na hilo juu.

Kwa huku kwetu njia ya karibu zaidi ya mionzi kufika nyumbani ni ile ile ya Goiânia, skrepa. Ukiona chuma kizito isivyo kawaida, au kisanduku chenye alama ya mapanga matatu kama ya feni kwenye rangi ya manjano, usikiguse, usikivunje, usikipeleke kwenye mizani, sogeza watu mbali na upige polisi, au Tume ya Nguvu za Atomiki kama uko Tanzania, au mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA, kama uko Kenya. Na kama umeshakishika, nenda ukapimwe leo hii na uwataje wote walioshika na wewe. Mwanamke mmoja wa Goiânia alipoona watu wake wanaugua alikibeba kile kitu kwenye mfuko, akapanda nacho basi mpaka ofisi ya afya, ndo madaktari wakaanza kuelewa kinachoendelea, yeye mwenyewe akafa mwezi uliofuata.